Ndoo ya Molasi

Bugarika hakuna gari bovu linalokosa mawe.
Pijo ya baba imekaa juu ya manne,
mawe yaliyokuwepo kabla yake, kabla yetu,
na magurudumu yameegemea ukuta wa choo
kama wageni waliochoka kusubiri chai.

Nati ya kwanza ilinikatalia siku tatu.
Nikaimwagia dizeli, nikaipa usiku,
nikapanda juu ya spana kwa miguu yote miwili,
mimi, mkunga mstaafu, kilo themanini na moja,
ikalia kri,
ikaachia.
Nimewahi kungoja kichwa cha mtoto namna hiyo.

Habu zilitoka zimevaa kutu ya miaka ishirini na sita,
kutu ya magamba, unaibandua kwa kucha
inadondoka kama ganda la mkate ulioungua.
Brashi ya waya ikala juu juu tu.
Msasa ukaisha, vidole vikaanza kwisha.
Ndipo Masalu, anayechomelea mageti pale chini,
akaniambia bila kuinua miwani yake:
"Mama, acha kupigana nayo. Iloweke.
Molasi moja, maji tisa. Wiki mbili. Usichungulie."

Nilichungulia kila siku.
Siku ya tano ndoo ikaanza kutoa povu
na harufu ikapanda majabali hadi kwa majirani,
harufu ambayo kila mtu hapa anaijua
na hakuna anayekiri anaijuaje.
Siku ya sita akaja mjumbe, Lubango, na mgambo mmoja.
Kikohozi kwanza, mlangoni.
"Mkunga Ngolo, tumesikia unapika."
"Napika," nikasema. "Karibuni muonje."
Nikazamisha mkono hadi kiwiko
nikaitoa habu ya mbele kushoto, inachuruzika,
nyeusi, kisha, kwa kitambaa, kijivu,
kijivu cha chuma siku ile kilipozaliwa,
na pembeni zikasomeka namba za kiwandani
ambazo baba mwenyewe hakuwahi kuziona.

Mgambo akacheka. Lubango hakucheka.
Akaishika kwa mikono miwili, akaipima uzito.
"Kumbe ndiyo hii," akasema,
"iliyokuwa ikitumwagia vumbi njia ya Magu,
sisi na pamba vichwani, baba yako na honi yake,
hasimami."

Hilo sikulijua.
Baba, kwa hadithi za nyumbani,
hakuwahi kumwacha mtu barabarani.

Kesho yake alfajiri nikakuta juu ya mfuniko
habu ya baiskeli, imefungwa kwenye gazeti,
bila salamu, bila jina.
Nikaitumbukiza pamoja na zile.

Kaka yangu anapiga simu kutoka Dodoma:
"Uza kwa kilo. Chuma chakavu kimepanda bei."
Namwambia habu zimefika tatu.
"Na injini?"
Injini sijaifungua. Injini ni mazungumzo mengine.

Jumamosi nilipaka silva, mkono wa mwisho,
nikazipanga juu ya kanga kuukuu zikauke,
na upepo ukageuka.
Kutoka ziwani likasimama lile wingu, moshi usio na moto:
visubi, kwa maelfu, wakashuka Bugarika,
wakatua kwenye taa, kwenye ugali, kwenye rangi mbichi.
Tatu nilizifuta, nikazipaka upya.
Ya nne, ya nyuma kulia, nimeiacha na visubi wake.
Itakaa ndani, nyuma ya ringi. Nani ataiona?

Ile ya baiskeli iko dirishani, imeshiba grisi,
ukiizungusha kwa kidole inakwenda, inakwenda,
unaweza kumaliza kikombe cha chai haijasimama.
Lubango hupita asubuhi, hunisalimia, haiulizii.
Kesho nitampelekea mwenyewe,
kwa miguu,
polepole, nisitimue vumbi.